Aliyekalia Kiti cha Mzee Miraji

Juma lililopita mliniacha mtaa wa Malindi, hapa hapa Unguja, nimejibanza nyuma ya magunia ya karafuu, na wateja wangu wananitafuta kwa bakora. Nashukuru kwa dua zenu. Niliponea chupuchupu.

Kwa ambaye leo ndiyo kwanza tunakutana: jina langu Mcha, mtoto wa Tumbatu, na kazi yangu ya hapa mjini haina jina. Bwana Msabah, mpiga picha wa Mji Mkongwe, alinichukua mwaka ule filamu zilipoadimika madukani. Aliitoa kabatini kamera ya marehemu baba yake, ile ya miguu mitatu inayotumia vioo, na vioo vyenyewe vilikuwa vichache. Kila familia kioo kimoja. Ukipepesa jicho, ndiyo umeshapepesa mpaka kiama.

Kazi yangu ni kutangulia nyumbani kwa watu, niwatayarishe. Nani akae, nani asimame, mikono ilale wapi, pumzi ibanwe lini. Akija Bwana Msabah akute watu wameiva.

Ile familia ya Malindi niliihimiza mno ikodoe macho. Picha ilipotoka, baba, mama na watoto wote walikuwa kama samaki changu waliolazwa mezani sokoni. Ndiyo sababu ya bakora.

"Mcha," Bwana Msabah aliniambia jioni ile, "nimebakiwa na kioo kimoja. Ukiniharibia na hiki, gari la Mkokotoni, la kukurudisha kwenu Tumbatu, unalijua linapoondokea."

"Cha nani, bwana?"

"Cha Mzee Miraji wa Jang'ombe."

Moyo ukanilipuka. Mzee Miraji wa Jang'ombe ndiye baba yake Shemsa!

Shemsa sijawaelezeni. Alikuja studio kuchukua picha ya paspoti ya kaka yake, akaniuliza kwa nini watu wote waliotundikwa ukutani wamenuna. Tangu siku hiyo mimi sili nikashiba. Yeye mwenyewe radhi, mama yake radhi. Amebaki baba, na baba huyo sijapata kumtia machoni, maana ni mwashi, na muda wote huo alikuwa Kiwengwa anajenga skuli.

"Baba mkali," Shemsa aliniambia. "Ila kasema akikuona una kazi na una adabu, ulete wazee wako."

Kazi na adabu. Shikeni hayo mawili.

Picha yenyewe ilikuwa ya kuagana. Kaka yake Shemsa, Abdulla, alikuwa anaondoka siku moja baada ya picha, kwenda Ujerumani kusomea udaktari. Picha ikiharibika hakuna ya pili, na Abdulla hatarudi mpaka ndevu zimemjaa.

Basi nikaoga, nikajifukiza udi, nikenda Jang'ombe asubuhi na mapema.

"Hodi!"

"Karibu, baba, pita mpaka uani! Nyumba yangu hii, nani wa kukuzuia?"

Aliyeitikia lilikuwa jitu la miraba minne, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, kofia ya viua kichwani, limejaa katika kiti kikubwa kilichowekwa katikati ya ua. Nikaenda moja kwa moja, nikainama, nikambusu mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye wa picha?"

"Naam."

"Mke wangu we! Mgeni huyu hajapewa chai mpaka saa hizi?"

Bi Kidawa, mama yake Shemsa, akachungulia kutoka jikoni. "Laana weye!" akasema, akaziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajisemea moyoni, tazama watu wanavyopendana uzeeni.

Pembeni palikuwa na mzee mwingine, mwembamba, kikoi amekikunja magotini, fulana imetapakaa chokaa. Alikuwa anaupaka rangi ukuta tutakaopigia picha.

"Wewe kibarua!" lile jitu likamfokea. "Unapaka ukuta au unaupapasa? Leo hupati hata ukoko!"

"Nisamehe, bwana mkubwa," yule mwembamba akajibu, akainama hadi kofia ikataka kumdondoka.

Nikasema huyu kibarua ana nidhamu, nikaanza kazi.

Nina kamera yangu ya mafunzo: boksi la sabuni nililolitoboa tundu, tundu likazibwa kwa kifuniko cha kopo. Nikaliweka juu ya kinu.

"Tazameni hapa. Nikiondoa kifuniko, hakuna kupumua. Nikikirudisha, pumueni. Baina ya hapo muwe mawe."

Bi Sichana, bibi yake Shemsa, alikuwa mkekani na tambuu shavuni. "Mjukuu wangu, na nikitaka kutema?"

"Tema kabla, bibi."

"Na macho yakifumba?"

"Yasifumbe, bibi. Utaonekana umekufa."

"Basi ntafumba hivyo hivyo. Siku nkifa kweli msihangaike na picha nyengine."

Huyo nilimwacha. Kuna watu hata malaika hawawapangi.

Nikampanga baba mwenye nyumba katikati, mkono mmoja juu ya bakora, kidevu juu. Bi Kidawa akacheka. Abdulla akacheka. Nikawajia juu.

"Jamani, picha si ngoma! Baba yenu kakaa kwa heshima zake, nyinyi mnacheka?"

Wakazidi. Abdulla alikwenda kusimama nyuma ya birika la maji lililojengwa uani, mabega yanamtikisika. Na nyuma ya pazia la chumba cha uani Shemsa alikuwa anakohoa. Anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Nikaona mtoto wa watu ana haya, mchumba yupo na baba yupo.

"Mzee," nikamwita yule kibarua, "hebu acha chokaa, tuletee viti viwili."

Akaleta.

"Sio hapo. Huku."

Akahamisha.

"Sogeza nyuma kidogo. Hivi wewe hujapata kuona picha?"

Akanitazama, akasogeza.

Jitu langu likanikonyeza. "Kijana, una mke?"

"Sina, mzee."

"Na humu ndani mwangu, hukuona kitu ukakipenda?"

Bahati haiji mara mbili. Nikapiga magoti pale pale kwenye chokaa mbichi. "Mzee, mimi nampenda Shemsa. Nataka kuleta wazee wangu."

"Nshakupa!" Akagonga bakora chini. "Mahari yangu moja tu. Nitolee nje kibarua huyu. Ananichafulia picha."

Kikohozi cha Shemsa kikageuka kelele. Ndugu msomaji, wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya nilichoambiwa na mkwe wangu. Nilimshika yule mzee mkono, kwa upole lakini kwa nguvu.

"Mzee wangu, kaa nje kidogo. Hii picha ya familia."

"Ya familia?"

"Ya familia. Wewe si mtu wa humu."

Akaweka brashi juu ya ndoo, akafuta mikono kwenye kikoi, akatoka. Nikafunga mlango wa mbele nikatia komeo.

Nikarudi uani kifua mbele. Hakuna aliyekuwa anacheka. Hata lile jitu kitini lilikuwa limeacha mdomo wazi.

"Ala!" likasema. "Kamtoa kweli?"

Hapo hapo nikasikia sauti ya Bwana Msabah huko nje.

"Shikamoo, Mzee Miraji! Vipi umekaa kibarazani, na picha yako?"

"Marahaba. Nimetolewa."

"Na nani?"

"Na mtu wako."

Pazia likafunuliwa, Shemsa akatoka na haya zote akaziacha chumbani. "Nimekohoa mpaka koo limeniwasha! Huyo uliyembusu mkono ni Mzee Tambwe! Mtani wake baba!"

Mimi kwetu Tumbatu mambo hayo sikuyakuta. Jang'ombe, kwa watu ambao babu zao walitoka bara, yapo na yana nguvu kuliko sheria. Mzee Miraji Mzaramo, Mzee Tambwe Mnyamwezi. Mnyamwezi akiingia kwa Mzaramo wake atakalia kiti chake, atamwita mkewe mke wangu, atamgeuza mwenye nyumba kibarua mbele ya wageni. Mwenye nyumba akikasirika, aibu ni yake. Tambwe kusikia tu kwamba Miraji anapiga picha, alikuja kudai haki yake tangu kumepambazuka, na wenyeji walikuwa wananicheka mimi tangu nilipobusu ule mkono.

Nilikwenda kufungua komeo. Abdulla akaniwahi.

Mzee Miraji aliingia, akasimama mbele yangu. Chokaa ilikuwa imemkaukia kwenye nyusi.

"Tambwe akinitoa nyumbani kwangu, haki yake. Babu yake ndiye aliyemzika babu yangu. Wewe mtu wa wapi?"

"Tumbatu, mzee."

"Watumbatu na Wazaramo wana utani?"

"Sijasikia."

"Basi wewe umenitoa kwa haki gani?"

Nikainama nimbusu mkono, akaurudisha nyuma.

"Nilisikia unataka kuleta wazee," akaendelea. "Waambie wasijichoshe. Adabu huna."

Shemsa akarudi ndani, nikamsikia analia. Machozi yakanitoka na mimi, mtu mzima na masharubu yangu, mbele ya jogoo na kuku wa watu. Nilikuwa nampenda, jamani, na nilimpoteza kwa kumtii mkwe ambaye si mkwe.

"Jua linahama," Bwana Msabah akasema bila kunitazama. "Wapange watu."

Kupanga kwenyewe kukawa kazi. Mzee Miraji akaoga, akavaa kanzu yake, akaja. Mzee Tambwe akakatalia kitini.

"Siondoki bila haki yangu."

"Haki gani tena?" Bi Kidawa akauliza. "Si umeshakunywa chai birika zima?"

"Jogoo."

Jogoo akakamatwa, akaletwa. Tambwe akamnyanyua, akamgeuza, akampapasa kifua. "Huyu jogoo au njiwa? Nyinyi hata kuku wenu wamefunga?" Lakini akanyanyuka na jogoo kwapani, kiti kikapata mwenyewe.

Nikawapanga. Mzee Miraji katikati, Bi Kidawa kulia, Bi Sichana kushoto na macho keshayafumba kwa hiari yake. Abdulla na Shemsa wakasimama nyuma. Shemsa macho mekundu, hanitazami. Nikamwambia Mzee Miraji, kwa sauti ya mgonjwa, "Kidevu juu kidogo, mzee." Akakiinua. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Haki ya Mungu, sijapata kuipanga familia ikapangika vile.

Bwana Msabah akatia kioo chake cha mwisho. Ana desturi moja: akihesabu hufumba macho, kwa hofu. Akaondoa kifuniko.

"Moja..."

Mzee Tambwe alikuwa nyuma ya kamera, mahali anapoonwa na wanaopigwa picha tu. Akamtua jogoo. Akamtazama Miraji alivyokauka pale kitini, akaanguka chini, akajipiga kifua.

"Masikini Miraji! Kafa kakaa! Nani atamnyosha huyu, jamani? Jeneza gani litampokea na magoti yake?"

"Mbili..."

Niliwatazama wanafunzi wangu. Bi Kidawa alikuwa amebana meno. Abdulla machozi yanamtiririka, lakini hata unywele haujatikisika. Shemsa nguzo. Bi Sichana hata habari hana. Wallahi nilijivuna.

Halafu nikaliona bega la Mzee Miraji. Likaruka mara moja. Likafuata tumbo. Kisha ikamtoka sauti kama ya mlango ulioshika kutu, akaangua kicheko, akajipiga paja, kofia ikamruka ikaangukia kwenye ndoo ya chokaa.

"...tatu."

Kifuniko kikarudi. Bwana Msabah akafumbua macho. "Nani kacheka?"

Mzee Miraji alikuwa ameinama, anajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Nikafikiri: mzee wa watu, nyumbani kwake, mwanawe kesho safarini, aambiwe mbele yao kwamba aliyeharibu picha ya mwisho ni yeye. Na mimi nimeshamtoa nje mara moja leo. Mara ya pili ingekuwa ukatili.

"Mimi," nikasema. "Nimecheka nikagonga mguu wa kamera."

Bwana Msabah akanijia juu. "Kioo cha baba yangu, Mcha! Cha mwisho! Kachukue kifurushi chako, na nisikuone tena Mji Mkongwe."

"Mwongo huyo," Mzee Miraji akasema.

Tukageuka wote.

"Niliyecheka mimi. Kijana kanisitiri."

Bwana Msabah akamwinamia kidogo. Alikuwa na hasira na alikuwa na adabu, na viwili hivyo havikai pamoja. "Vyema, mzee. Umecheka wewe. Lakini kazi yake yeye ilikuwa wewe usicheke. Na hata hivyo vioo vimekwisha. Awatayarishe watu nije niwapige na nini?"

"Ioshe picha hivyo hivyo, Bwana Msabah," Abdulla akasema. "Ntaondoka nayo."

"Uso wa baba yako utakuwa ukungu mtupu."

"Na uwe. Mimi tangu nipate akili sijamwona baba anacheka. Huko kwenye baridi ntaitazama."

Bi Kidawa akaanza kulia. Mzee Miraji akaenda kuitoa kofia yake kwenye chokaa, akaikamua, ametupa mgongo. Aliporudi aliniwekea mkono begani.

"Mcha. La kunitoa nje limekwisha, mchochezi ni Tambwe. Nimekupima ulipokuwa na cha kupoteza, nimeona adabu. Shemsa ningekupa leo hii."

Nikasikia miguu inaninyanyuka ardhini.

"Lakini kazi huna. Na mimi nimeapa mbele ya mama yake: asiye na kazi simwozi binti yangu. Kiapo changu sikivunji."

Mnaona mambo yangu? Asubuhi nilikuwa na kazi bila adabu. Alasiri nina adabu bila kazi.

"Kazi anayo," sauti ikasema.

Alikuwa Mzee Tambwe, anamfukuza jogoo wake uani. Akamkamata, akamfunga miguu, akaja.

"Nimemchukua mimi. Anaanza kesho alfajiri."

"Tambwe, utani una mipaka yake," Mzee Miraji akamwambia.

"Sitanii." Akavua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukatulia. "Msaidizi wangu kahamia Pemba. Mie nahitaji mtu mpole wa mikono. Anayejua kuwapanga watu, kidevu kikae sawa, mikono ilale pake, macho yatulie. Nimemwangalia kutwa nzima huyu. Mji mzima sina wa kumshinda."

"Kazi gani hiyo, mzee wangu?" nikauliza.

Shemsa akautazama mkeka. Bi Sichana ndiye aliyefumbua macho.

"Tambwe mwosha maiti, mjukuu wangu. Wanaume wote wa mtaa huu wanapita mikononi mwake. Sie wanawake tuna mwoshaji wetu, na mie nshamwekea ahadi."

"Kazi ile ile uliyoizoea," Mzee Tambwe akasema. "Ila wangu mie hawacheki."

Sasa nifungue moyo wangu kwenu. Mimi maiti namwogopa. Tangu utoto, kukiwa na msiba mtaani hulala taa inawaka, na siku ya mazishi ya ami yangu niliugua homa kabla hajatolewa ndani. Nikamtazama Shemsa. Safari hii naye alikuwa ananitazama, na mikono yake miwili ameikamata kanga kifuani kama mtu anayeomba dua.

"Haya," Mzee Miraji akasema. "Ni kazi ya halali na ya thawabu. Unaitaka, huitaki?"

Nikafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango wa mbele ukagongwa kwa kishindo.

"Hodi! Mzee Tambwe yupo hapa? Tumefiwa, anatakiwa sasa hivi!"

Mzee Tambwe akavaa kofia yake. Akanikabidhi jogoo, akachukua bakora, akaelekea mlangoni, na alipofika kizingitini akageuka.

"Kesho imekuwa leo, kijana. Mpe Shemsa huyo jogoo, unifuate."

Shemsa akanyosha mikono kumpokea. Mimi nikamkumbatia yule jogoo kwa nguvu zangu zote, na miguu yangu haikwenda mbele wala nyuma.